Patron wa Kanisa

Juzi, katika kanisa moja la Brussels, niliwakuta mafundi wakiiosha sanamu ya mawe ya ofisa wa Kijerumani. Harufu ya sabuni ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni, mama yangu alipokuwa akipiga deki kanisani humo humo.

Mtunza kanisa, mzee mmoja wa kwetu Likasi tuliyemwita tonton, yaani mjomba, alinionyesha sanamu hiyo: mwanamume aliyepiga magoti, upanga kiunoni, buti hadi magotini.

"Alikuwa mukubwa wa askari wa farasi," alisema. "Huyu njo patron wa kanisa." Kisha akaenda zake.

Mimi patron nilimjua mmoja tu, yule bosi aliyemfukuza baba yangu kazi kwenye ghala la Anderlecht. Kwa hiyo nilipogeuka na kumwona Mama amesinzia kwenye benchi, niliona naye atafukuzwa. Nilisimama mbele ya macho yale ya mawe, nikatanua koti langu kumficha.

"Patron, usimufukuze maman. Amechoka tu."

Mama alishtuka. "Unasema na nani, weye?"

"Na patron."

Leo najua, kwa kusoma, kwamba bwana yule mkubwa alilijengea kanisa paa, na kwa hilo akaitwa patron, yaani mlezi wake, akapewa haki ya kupendekeza padri. Siku ile Mama hakunieleza hayo, wala hakucheka.

"Juu ya nini anapiga magoti?" nilimuuliza.

"Anaomba."

"Patron anaomba nani?"

"Patron yake."

Nilishusha koti. Nilipiga magoti kando ya yule ofisa, nikaogopa hata kukohoa.