Vidole Viwili, kama Babu

Kwa miaka thelathini na moja Fusae Kuramochi alikuwa akisahihisha nyuso za watu wasiokuwepo. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa katika studio ya katuni kule Nerima, ghorofa ya pili, juu ya duka la kufulia nguo. Mwenzake alichora mkono ukianza kuinuka na mkono ukiwa juu. Yeye akachora safari yote iliyo katikati. Sasa alikuwa mkuu wa wachoraji. Michoro ya wenzake ilimfikia kwa mafungu, naye akaiwekea juu karatasi nyembamba ya manjano na kuchora upya jicho lililolegea, kidole kilichonenepa. Kidole chake mwenyewe cha kati kilikuwa na sugu ngumu kama punje ya soya. Hakuolewa. Akiulizwa sababu alisema hakupata nafasi, na haukuwa mzaha.

Mwaka ule walikuwa wakitengeneza mfululizo wa vita. Kanali Gaisel, afisa wa jeshi la wachawi, hushinda kila pigano kwa sababu hana huruma hata chembe. Anateketeza vijiji kwa maneno matatu. Waliosalimu amri anawapiga risasi. Watazamaji walimpenda vibaya sana.

Siku moja ya mvua, mchana, mkurugenzi Ubukata, mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, alikuja kusimama kando ya meza yake.

"Kuramochi-san, simtaki akasirike," alisema. "Mtu anakasirika, anapiga risasi, hayo kila mtu ameshayaona. Nataka kwanza afanye jambo dogo la upole. Watu waumwe tumbo."

"Jambo gani?"

"Ningelijua, ningekuja kukusumbua?"

Fusae alichukua penseli na mkono ukaenda wenyewe. Gaisel anasimama mbele ya mateka kijana aliyefungwa mikono. Kola ya kijana imekaa upande. Kanali anainyoosha kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayempeleka mtoto shule. Kisha anarudi nyuma hatua moja.

Ubukata aliuinua mchoro kwenye taa. "Umeutoa wapi huu?"

"Umekuja tu."

Pembeni mwa karatasi, kwa ajili ya vijana watakaochora michoro ya kati, aliandika kwa penseli ya buluu: vidole viwili, taratibu, kama Babu. Maandishi ya pembeni hayafiki kwenye skrini. Kila mchoraji anajua hivyo, na ndiyo maana huandika humo lolote linalomjia.

Babu yake alikuwa fundi cherehani kule Chichibu. Hakuna aliyetoka katika nyumba yao bila kusimama mlangoni anyooshwe kola kwa vidole viwili, ndivyo walivyoagana. Mwaka Mpya mmoja, Fusae akiwa na miaka kumi na mmoja, wengine walikwenda hekaluni naye akabaki na homa. Babu alikuwa amelewa. Akaanza kumwambia juu ya Uchina, wakati wa vita, juu ya mateka mmoja mdogo. "Kola yake ilikuwa imekaa upande," alisema. "Mimi siwezi kuona kola imekaa upande. Nikamnyooshea. Halafu nikafanya nilichoamriwa." Kisha akaomba chai. Shule ilipofunguliwa alimnyoosha Fusae kola kama kawaida, naye Fusae akasimama, shingo imekakamaa. Hakumwambia mtu. Babu alikufa, Fusae akazeeka na siri yake, mpaka mvua ile, alipoitoa bure mbele ya mkurugenzi aliyekuwa na haraka.

Aibu haikumjia siku hiyo. Ilianza vijana wa studio walipolipa tendo lile jina la Babu.

"Kuramochi-san, Babu wa kipande cha mia mbili na kumi yuko tayari?"

"Babu huyu kakunja kidole. Mrudishe akalale."

Walicheka, naye alicheka nao. Kipindi kiliporushwa, wanafunzi walianza kupigana picha kwenye stesheni huku mmoja akimnyoosha mwenzake kola. Alipishana nao kila asubuhi akiangalia sakafu. Halafu jarida moja la katuni likachapisha mchoro wenyewe, ukurasa mzima, pamoja na maneno ya pembeni. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Chini yake walikuwa wameandika jina lake lote.

Baba yake alipiga simu. "Kinyozi amenipa gazeti lenye jina lako," alisema. "Njoo Jumapili." Akakata.

Kwenye treni Fusae aliutengeneza uongo wake. Angesema ni mkono tu, desturi ya nyumbani, hakuna zaidi. Alimwogopea baba yake. Tokuji Kuramochi alikuwa na miaka themanini na mitatu, fundi cherehani mwana wa fundi cherehani, na kila asubuhi alifukiza ubani mbele ya picha ya baba yake.

Mzee alikuwa amechemsha majimbi. Waliketi kwenye meza fupi, miguu chini ya blanketi linaloifunika meza hiyo wakati wa baridi, jarida limefunguliwa kati yao.

"Mwandiko wako bado mbaya," alisema baba.

"Naandika haraka, baba."

"Kinyozi kanionyesha na sehemu yenyewe kwenye simu yake, na watoto wa stesheni wanavyoiiga. Ananyoa mtu huku ananionyesha mimi. Nusura amkate jamaa sikio." Hakucheka. "Huyu kanali mtu mbaya."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaona mkono wa babu yako unamfaa."

"Mkurugenzi alitaka kitu cha upole," alisema Fusae. "Sikujua upole mwingine. Ni hivyo tu, baba. Kazi."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Mabega yake yalishuka kidogo. Akammiminia chai.

"Basi sawa. Mimi nilidhani labda alikwambia kitu."

"Kitu gani?"

"Nitajuaje? Nimemuuliza maisha yangu yote. Alikuwa anasema kule kulikuwa na baridi. Mpaka anakufa, baridi." Alimsogezea bakuli. "Kula, yanapoa."

Uongo ulikuwa umeshapokelewa. Alichotakiwa ni kula tu. Fusae alilitazama jimbi, akaona yeye mwenyewe ameligawa kwa vijiti vipande vidogo vidogo kama kwa ajili ya mtoto. Akaweka vijiti chini. Akamwambia yote, maneno ya babu kama yalivyokuwa, hata lile la chai.

Baba alivua miwani. Alikaa akiipangusa kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko vioo vilivyohitaji.

"Asubuhi ya harusi yangu alininyoosha kola," alisema hatimaye. "Nilifikiri ananibariki."

"Huenda alikuwa anakubariki, baba."

"Huenda." Aliigusa kona ya jarida. "Wewe ulijua. Watoto wa stesheni wanajua. Kinyozi anajua."

"Hawajui. Wanaona tu."

"Nami nimeona tangu nizaliwe."

Fusae aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alikuwa na maneno ya kuomba radhi, lakini hakujua ayaelekeze kwa nani kwanza: kwa baba, kwa babu, au kwa yule kijana wa Uchina ambaye sasa alikuwa mzaha wa stesheni. Mzee hakumwambia ainuke. Baadaye aliinuka mwenyewe, akavaa koti.

Baba alimfuata hadi mlangoni, maana miguu yake ilijua kazi hiyo bila kuulizwa. Mkono wake ukainuka, vidole viwili mbele. Ukasimama katikati ya njia, pale ambapo kwa miaka mingi kazi ya Fusae ilikuwa kuuendeleza. Fusae alikuwa ameshaisogeza shingo.

Mzee aliurudisha mkono, akautia mfukoni.

"Nyoosha mwenyewe," alisema. "Nje kuna upepo."

Fusae aliinua mkono hadi kwenye kola yake, na hakujua aishike kwa vidole vingapi.