Katuni za Mvua na Katuni za Kiangazi

Jumamosi iliyopita alikuja msichana wa chuo kusuka rasta pale saluni ninapofanyia kazi, mtaa wa Biwi hapa Lilongwe. Rasta nyembamba ni kazi ya saa tano, na mteja lazima apate cha kumpitishia muda. Yeye alikuwa na simu, na kwenye simu kulikuwa na katuni za Kijapani. Aliponiona nachungulia juu ya bega lake akanionyesha orodha aliyoiandika mwenyewe: katuni bora za msimu uliopita, zimepangwa kwa aina. Kulikuwa na ya kwanza kwa mapigano, ya kwanza kwa mapenzi, ya kwanza kwa vichekesho, ya kwanza kwa mizimu. Akaniuliza kwa Kichewa kama nami huwa naangalia. Nikamwambia niliangalia zamani, nikiwa mtoto. Akataka kujua zangu nilizipangaje.

Nilicheka tu, nikaendelea kusuka. Lakini jibu nilikuwa nalo, na tangu siku hiyo nalizungusha kichwani. Nakupa wewe, maana yeye angeshuka kwenye kiti kabla sijafika katikati.

Unajua nilikulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, chumba kimoja na kibaraza, na tulikuwa wawili tu, mimi na bibi yangu niliyemwita koko. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kilimani na moshi wa kuni mbichi. Nikitoka shule ilibidi nipange foleni kwenye pampu ya maji, nitwange sombe, yaani kisamvu, nichambue maharagi kwenye ungo, na kutoka kila upande zilisikika kwaya za makanisa zikifanya mazoezi, kila moja ikijaribu kuizidi nyingine. Nilikuwa mtoto mkimya. Wenzangu walikuwa na kaka na dada na wajomba, nyumba zao zimejaa. Kwetu, koko akienda kulima vibarua, nilikuwa naongea na sufuria.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mwalimu. Huko Uvira, Kongo, tulikotoka pamoja, alifundisha shule ya msingi kwa Kifaransa. Hapa Kifaransa chake hakikumpatia kazi, akawa anatengeneza redio na taa za sola. Kutokana na kazi hiyo alipata televisheni ndogo, betri ya gari na mashine ya kuchezeshea diski, na mara chache katika mwaka alirudi kutoka mjini Lilongwe na diski mpya zilizofungwa kwa mpira. Karibu zote zilikuwa katuni za Kijapani. Sauti ilikuwa ya Kijapani, maandishi ya chini Kifaransa, na sisi watoto hatukujua hata kimoja. Basi Mwalimu alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni akatusomea kwa Kiswahili, kila mtu na sauti yake. Mfalme alimpa sauti nzito, mwanamke mzee alimpa sauti ya koko yangu, tukaanguka kwa kucheka. Kiingilio kilikuwa kidumu cha maji kwa ajili ya mkewe.

Alituambia kwamba Wajapani hutoa katuni mpya kwa misimu, kama mazao. Wao wana misimu minne. Sisi tulikuwa na miwili, kwa hiyo mimi na binti yake, aliyekuwa darasa langu, tukazigawa: katuni za mvua na katuni za kiangazi. Mwisho wa kila msimu tuliziandika kwa mkaa kwenye ukuta wa ndani kwao, ya kwanza hadi ya tatu, kila aina na safu yake. Za kupigana. Za kuchekesha. Za mizimu. Za michezo. Za mapenzi, hizi tuliziandika kwa herufi ndogo kwa sababu ya mama yake. Na za nyumbani, yaani zile ambazo hakuna kinachotokea: watu wanapika, wanafua, wanagombana, wanapatana.

Hatukuwahi kukubaliana. Msimu mmoja wa mvua yeye alitaka katika za kupigana iwekwe kwanza ile ya mpiga upanga kipofu aliyewasikia maadui kwa harufu ya viatu vyao. Mimi nilisema harufu haisikiki kwa masikio, kwa hiyo mtungaji mwenyewe hajui anachofanya. Tulinuniana siku mbili. Kwenye za michezo hatukugombana, maana sote tulimpenda yule nahodha mnene wa timu ya kuvuta kamba, aliyelia kila aliposhinda. Katika za kuchekesha yake ilikuwa ile ya paka aliyefungua duka la dawa. Kwenye mizimu mimi sikuwa na la kusema. Niliziangalia kupitia katikati ya vidole.

Lakini za nyumbani zilikuwa zangu. Na ya kwanza yangu, msimu ule nilipokuwa na miaka kumi, ilikuwa ile ya msichana na bibi yake waliouza supu ya tambi kwenye kituo cha treni. Mama wa yule msichana hakuwepo. Sehemu ya kwanza ilionyesha picha yake juu ya meza, imezungushiwa utepe mweusi, na vijiti vya ubani vinafuka mbele yake, watu wanakuja mmoja mmoja, wanainama. Mwalimu akanitupia jicho, kisha akatueleza.

“Mama yake anaenda safari ya mbali. Njo vile Bajapani banaagana na mutu. Banaweka foto yake, banawasha ubani, ili afike muzuri.”

Nilielewa mara moja, maana nami mama yangu alikuwa safarini. Koko aliniambia hivyo tangu nilipoanza kuuliza: mama alibaki kambini huko Kigoma, Tanzania, anangoja karatasi zake, zikitoka atakuja. Nilikuwa na miaka minne tulipopita huko na sikumkumbuka sawasawa. Nilikumbuka kitambaa cha kichwa cha kijani, na mkono ulionuka sabuni. Tulikuwa na picha yake moja, imekatwa kwenye karatasi ya usajili, ndogo kama ukucha wa gumba.

Basi siku moja koko alipokuwa shambani niliisimamisha ile picha juu ya kopo la maziwa. Ubani hatukuwa nao, nikachukua kipande cha dawa ya mbu, ile ya kuzunguka kama konokono, nikakiwasha. Nikainama kama wale Wajapani. Nikamwombea mama safari njema, na karatasi zake zitoke upesi. Koko alinikuta hapo. Alikuwa bado ameshika jembe. Aliangalia picha, akaangalia moshi, akakaa chini palepale mlangoni. Nilidhani atanichapa kwa kumaliza dawa ya mbu. Akaniuliza tu, kwa sauti ya chini, nani alinifundisha. Nikamwambia ni Mwalimu, nikamweleza vizuri maana yake. Akasema sawa. Hakuinuka mpaka moshi ulipoisha, kisha akaenda kwa jirani na kukaa huko muda mrefu. Aliporudi alipika wali, ingawa haikuwa sikukuu.

Mwaka uliofuata tulikuwa darasa la sita na shule yetu yote ilikuwa kwa Kiingereza. Alasiri moja Mwalimu na mkewe walienda kwenye mgao wa mahindi, na binti yake akawasha televisheni bila ruhusa. Hatukuwa na wa kututafsiria, ila yeye alikuwa amegundua kwamba ukibonyeza kitufe fulani cha rimoti, maandishi ya chini yanageuka kutoka Kifaransa kuwa Kiingereza. Akaniambia nichague. Nilichagua ile ya kwanza yangu, ya supu ya tambi, niisome sasa kwa macho yangu.

Tulikuwa tunasoma polepole, tukisimamisha picha kila mara. Ikafika ile meza na ule utepe. Bibi wa katuni akamshika msichana mabega. Nikasoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama tulivyofundishwa. Bibi alikuwa anamwambia kwamba mama amekufa na hatarudi, na kwamba leo wanamzika.

Rafiki yangu alisema labda Kiingereza kimekosea. Nilibonyeza picha iende mbele, nikasoma pengine, kisha pengine. Kila mahali Mwalimu aliposema mama ametuma salamu, maandishi yalisema kitu kingine. Nilitoka, nikachukua mkaa uliokuwa jikoni, nikarudi nikafuta jina la katuni ile ukutani kwa kiganja, nikaliandika chini kabisa, chini ya zile tulizozidharau. Kisha nikakaa nje kwenye matofali nikimngoja Mwalimu.

Alikuja na gunia begani. Nadhani alijua kabla sijasema, maana alilishusha taratibu akaketi juu yake. Nilimuuliza kwa nini alisema mama wa yule msichana amesafiri wakati amekufa. Alijifuta uso kwa kofia yake.

“We ulikuwa umekaa pale mbele, unaniangalia,” akasema. “Nikaanza kusoma, mudomo ikakataa.”

Nikamuuliza kama mama yangu pia amesafiri namna hiyo.

Watu walikuwa wanapita na mahindi yao, wanamsalimia, naye akiwaitikia wote kwa heshima, kila mmoja, kama mtu anayevuta muda. Kisha akasema, “Alikufia Kigoma, mwanangu. Ilikuwa homa, siku tatu tu. Mi na babaume wengine njo tulichimba. Ni pazuri, karibu na kanisa. Usimukasirikie koko yako. Alikuwa anangojea ukuwe mukubwa.”

Sikulia. Nilimuuliza kama kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cha kijani. Akasema ndiyo, na kwamba walimzika nacho. Hilo ndilo lililonivunja, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kumbe nilikumbuka kweli.

Koko nilimkuta anachochea bugali. Nilimwambia nimejua. Hakugeuka, aliendelea kusonga mpaka ukaiva, akaupakua, akaufunika. Ndipo akanambia kwamba nilipokuwa mdogo niligoma kula tangu siku mama alipougua, nikabaki mifupa, na yeye alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja. “Niliogopa utaacha kukula,” akasema. “Nikasema kesho nitamuambia. Kesho ikakuwa miaka.” Tulikula. Aliangalia kila tonge nililomeza, na mimi nilimeza yote kwa ajili yake.

Kwa majuma kadhaa sikwenda kwa Mwalimu. Nilimsikia kupitia ukutani akitafsiri, watoto wakicheka, na nilikaa upande wangu nikiwa na hasira nisiyojua niielekeze kwa nani. Kilichonirudisha ni rafiki yangu. Alikuja na kidumu changu cha maji akiwa amekijaza, akasema diski mpya zimefika na hakuna wa kubishana naye, watoto wengine wanakubali kila anachosema. Nikaenda. Mwalimu alinitengea nafasi mbele, palepale, na alipofika mahali pa msiba akageuka kuniangalia, kama anaomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa. Akasoma kama ilivyoandikwa. Tangu siku ile hakubadilisha neno, na lazima nikwambie ukweli: katuni zilipungua utamu. Tulizidi kuzipanga misimu mingine miwili, lakini katika za nyumbani sikuweka tena ya kwanza. Nilianzia ya pili.

Kisha faili lao la kuhamishiwa ng'ambo likaitwa. Unajua mambo ya pale: watu wanangoja miaka kumi, halafu wanaambiwa waondoke baada ya wiki mbili. Walipelekwa nchi ya baridi. Rafiki yangu aliniachia diski zote, lakini betri na televisheni viligawiwa kwa ndugu, kwa hiyo nilikuwa na sanduku la diski na sina pa kuzichezesha. Nyumba yao iliingia familia nyingine, watu wema, wa Burundi, ambao walipaka ukuta chokaa siku ya kwanza. Nilisaidia kubeba maji ya kuchanganyia.

Koko alifariki miaka miwili iliyopita. Nilimzika kule kilimani, nikakaa siku arobaini, nikarudi mjini. Nina chumba changu, nina wateja, jioni napika kikombe kimoja cha mchele na bado kinabaki. Simu yangu inaweza kunionyesha katuni yoyote duniani, kwa lugha yoyote ninayotaka. Wapangaji wenzangu uani wanafanya hivyo hivyo, kila mtu na mlango wake, na vitu vya masikioni. Mara nyingine nasikia mtu anacheka peke yake upande wa pili, na sijui anacheka nini.

Mwaka jana Mwalimu alinipigia. Namba yangu aliipata kwa mtu wa kanisani. Sauti imezeeka, lakini bado alisema “mi” na “njo” za Kiswahili cha kwetu kama jana. Aliniambia binti yake ameolewa mji mwingine, anakuja sikukuu hadi sikukuu. Wajukuu wanaangalia katuni kila mmoja kwenye chombo chake, na hawamhitaji, Kiswahili chenyewe wanasikia kidogo tu. Siku moja alikaa kando ya mmoja wao, akaanza kutafsiri kwa mazoea. Mtoto akamwomba kwa adabu anyamaze.

Tulicheka wote wawili. Kisha akaniuliza, “Na we, nani anakusomea sasa?”

Nikamwambia najisomea mwenyewe, Mwalimu.

Akasema vizuri, vizuri sana. Halafu tukabaki kwenye simu, kila mtu akisikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka laini ikakatika.