Mgeni Aliyepima Nyumba Yetu ya Mudaka

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa: mimi, wadogo zangu wawili wa kike, muzee jirani yetu, na mgeni kutoka Bukavu aliyekuja na kamera na mita ya kupimia. Nawataja wote kwa sababu kwetu kiwanja hulindwa zaidi na watu waliokuwepo kuliko karatasi.

Mgeni alisema anaandika historia ya majengo ya zamani ya Mudaka: bohari la kahawa, zahanati, na duka la Mgiriki ambalo sasa ndimo tunamoishi. Sikumwamini. Mjini nimeona nyumba ngapi ambazo habari zake zilianza na mtu mwenye mita zikaisha na vitanda vimetolewa barabarani? Wazazi walipokufa niliacha shule ili wadogo zangu wasome. Kuta hizi ndizo zilizotubakia.

“Nani alikutuma?” nilimuuliza.

“Hakuna, maman. Niko nafundisha université. Ni kitabu tu.”

Viatu vyake havikuwa na tope hata kidogo. Nilimfuata kila kona. Alipogonga tofali kwa kidole, nilisogea kuona anatafuta nini. Alipouliza nyumba ilijengwa na nani, nilijibu haraka: “Papa yetu. Alichoma matofali yeye mwenyewe.”

Alianza kuandika. Muzee, aliyekuwa amekaa barazani kwetu akimenya maharagwe, akacheka mpaka akakohoa.

“Papa yako? Hizi kuta alizikuta! Yeye alitia mabati, tena yanavuja.”

Wadogo zangu wakaficha vicheko. Nilimtazama muzee kama mtu aliyetuuza. Je, walikuwa wamepatana, yeye na huyu wa mita?

“Usinikazie macho, binti. Ukisema alijenga mwenyewe, ni kusema hakuna mutu alimupatia. Kesho wakikuuliza nani aliwapatia hapa, utajibu nini?”

Nilidhani nailinda nyumba, kumbe nilikuwa naifuta.

Basi muzee akamgeukia mgeni. Alisema Mgiriki alipoondoka, kiwanja kilirudi kwa baba yake yeye muzee, mwenye kilima aliyegawa ardhi ya hapa. Papa yetu alikuja kukiomba kwa desturi ya kalinzi, yaani mifugo inayotolewa ili upewe udongo mbele ya mashahidi. Akawataja mmoja mmoja wale waliokunywa kasiksi, pombe ya ndizi, siku ile. Wote walikwisha kufa isipokuwa yeye.

“Andika: iko yao,” alisema. Kisha akaongeza, bila kunitazama: “Andika tena kwamba kalinzi ilikuwa mbuzi mbili. Mmoja alifika. Wa pili, papa yao alisema tungoje.”

“Muzee, mbona miaka yote hukuniambia?”

“Nidai mayatima? Ungenifungulia mulango?”

Nilijua nisingemfungulia. Hata wakati ule nilijiuliza kwa nini amengoja kalamu ya mgeni. Lakini yule aliyekubali kwamba anadaiwa mbuzi wa kiwanja amekubaliwa pia kwamba alipewa kiwanja. Nilimwambia mgeni akate maneno yangu, aandike ya muzee, na mbuzi pia. Nilisimama nyuma yake mpaka akamaliza, kisha nikamwambia mdogo wangu mmoja anisomee kwa sauti.

Tulinunua mbuzi jike mdogo sokoni, tumlee akue ndipo tumpe muzee; alikufa wakati wa mvua. Muzee bado anakuja kumenya maharagwe barazani. Haulizi. Mbuzi wake hajafika.