Maziwa ya Moshi na Neno Pyua

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha kupoza maziwa, karibu na Kisaju, nilifika na koti jeupe nililonunua mwenyewe ng'ambo. Diploma yangu ya teknolojia ya maziwa niliipata huko nikiosha vyombo hotelini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Meneja wa Mapokezi, mtu wa mzaha kutoka Kiambu, alinionyesha pakiti zetu. "Hapa imeandikwa pyua. Wewe umesoma. Ni kusema nini?"

Nikamweleza: Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, nao Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, *purus*: kilicho safi, kisichochanganywa na kingine.

"Haya, Mlatini. Foleni inakungoja."

Nilizamisha laktomita, kipimo cha kioo kinachoelea na kufichua maziwa yaliyotiwa maji. Maziwa ya Mama Naserian yalipita, lakini yalinuka moshi na yalikuwa na chembe za mkaa. Nikatangaza, akina mama wote wakisikia: "Haya si pyua. Ni machafu."

Sikujua kwamba kibuyu cha Kimaasai husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien ili maziwa yasiharibike. Kumwambia mama kibuyu chake ni kichafu ni kumwambia hajui kutunza nyumba.

"Kijana, ulizaliwa na mama ama na hiyo chupa?" Akabeba kibuyu chake. Wenzake kumi na mmoja wakamfuata. Tangi likabaki tupu.

Meneja hakupiga kelele. "Kesho wasiporudi, na wewe usirudi."

Alasiri nilienda kwa Mama Naserian. Kabla sijafungua mdomo alinimiminia kikombe kutoka kibuyu kile kile. Nikanywa chote, mkaa na yote.

"Sasa sema."

"Nisamehe, yeyo, mama yangu. Maziwa yako ni safi."

"Uliniaibisha mbele ya wote. Enda uwaambie wote."

Nikazunguka maboma kumi na moja, na kila boma nilipewa kikombe. Asubuhi walirudi. Maziwa ya moshi tukayatengea mapipa yake, ya kugandisha mala, yaani maziwa ya mgando, kwani harufu yake hutawala tangi zima.

Nilistaafu nikiwa Msimamizi wa Ubora wa vituo vyote, toka Kitengela hadi Namanga. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii mna vipimo bora kuliko vyangu. Kilatini changu kilikuwa sawa, na hadi leo sijaona wa kunisahihisha. Nilichokosea ni kulitamka neno mbele ya foleni kabla ya kumuuliza mwenye kibuyu amekisafisha vipi.