Watu wa Mawese Ukutani

Siku ya arobaini ya mama, katika sebule yetu ya Ujiji, tulibaki watu sita: baba mkubwa Hamisi aliyetoka Mwandiga, shangazi Mwamini wa Kidahwe, jirani yetu Bibi Nyamizi aliyekuwa akikamua mawese, mdogo wangu Rajabu wa miaka tisa, kitinda mimba wetu Tatu wa miaka sita, na mimi, mkubwa wao, niliyekuwa darasa la sita. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili kabla. Wasomaji wa dua walikuwa wamekula na kuondoka, na chumba kilinuka chokaa mbichi, maana jana yake nilikuwa nimekipaka peke yangu. Wageni walidhani nimefanya hivyo kwa heshima ya marehemu. Ukweli nilikuwa naficha jambo.

Tatu alikuwa amechukua chupa ya mwisho ya mawese aliyotuachia mama, ile niliyoitunza ya kupikia maharage ya arobaini, akayachanganya na masizi ya sufuria na udongo mwekundu, kisha akachora ukuta mzima kwa viganja. Hawakuwa watu kama wale wa vitabuni. Walikuwa miili mirefu ya rangi ya moto, imeinama kama inayosukumwa na upepo wa ziwani, haina macho wala midomo, mkono wa mmoja ukiishia ndani ya kifua cha mwingine. Nilijaribu kuhesabu vichwa. Mara vinne, mara vitano. Mimi niliona chupa tupu tu. Nilimzaba kofi. Hakulia. Alivitazama viganja vyake, akavificha mgongoni. Nikaenda kuazima mafuta kwa Bibi Nyamizi, halafu nikaupaka ukuta chokaa mara tatu hadi ukawa mweupe kama sanda.

Sasa wakubwa walikuwa wanatugawa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: arobaini ikiisha, yatima hupata pa kwenda. Rajabu angekwenda Mwandiga kusaidia shamba la baba mkubwa, Tatu angekwenda Kidahwe kwa shangazi, mimi ningepelekwa Gungu kwa binamu ya baba aliyejifungua. Walisema kwa upole, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna aliyetuuliza. Rajabu alikuwa amelishika pindo la gauni langu kwa nguvu hata uzi ukaachia. Jua lilikuwa limelichoma bati, chumba kikawa kama tanuri, na hapo Bibi Nyamizi akaacha kujipepea. Bega la kwanza lilikuwa limetokeza kwenye chokaa, la manjano. Kisha mgongo. Kisha wote, polepole, kama watu wanaotoka kwenye ukungu.

“Chokaa juu ya mawese?” Bibi Nyamizi aliniambia. “Mjukuu wangu, mafuta hayo huyajui? Hata kwenye kanga yangu ya harusi yalishaishinda sabuni.”

“Hawana hata macho,” shangazi alisema, akijivuta pembeni. “Wananitisha.”

Baba mkubwa alimwita Tatu. “Hawa ni akina nani?”

“Sisi.”

“Wewe ni yupi?”

Tatu aliweka kidole kwenye bega moja, akakisogeza, akasita, mwishowe akapitisha mkono ukuta mzima. “Kuanzia hapa mpaka kule.”

“Na huyu wa kwenda Mwandiga je?” aliuliza kwa mzaha.

Tatu aliukagua ukuta kwa muda mrefu. “Huyo atachanika,” alisema.

Baba mkubwa alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. “Mwamini, utawachana wewe?”

“Oya,” shangazi alikataa kwa Kiha. “Mimi mkasi sina.”

Baba mkubwa akauliza basi nani atatulea. Nilisema mimi kabla hajafunga mdomo. Jumatatu sikuvaa sare. Nilikwenda kwa Bibi Nyamizi kuponda chikichi, matunda ya mawese. Mahindi yalitujia kutoka Mwandiga, maharage kutoka Kidahwe, na tuliishi watatu katika nyumba ile. Kila tulipopaka chokaa, wale watu walirudi.

Ziwa lilipopanda lilikuja mpaka kwenye msingi, na ukuta ule ukaanguka. Leo nakaa Gungu, kuta zangu zina rangi ya dukani, unaifuta kwa kitambaa ikatakata. Rajabu anaunda boti. Tatu anaandika mabango ya maduka, na akipata nafasi huchora watu wake wasio na macho, ambao wateja huulizia sana na kununua kwa nadra. Idd iliyopita alisimama sebuleni kwangu, akaugusa ukuta kwa ncha za vidole. “Dada, ukuta wako msafi mno,” alisema, akaficha viganja mgongoni. Mama mtu mzima, ana watoto wawili, lakini nilimwona yule wa miaka sita.

Shule niliyoiacha siidai kwa mtu. Ninayedaiwa ni mimi. Niliwahi kuwasimulia wengi jinsi mtoto yule alivyotuweka pamoja. Yeye mwenyewe sijamwambia kwamba kofi lile lilikuwa kosa. Dawa ya deni kulipa. Chupa ya mawese nimeshanunua, iko nyuma ya mlango wa sebule, na makochi nimeyasogeza mbali na ukuta. Neno lenyewe ndilo bado.