Laini ya Mlali na Barafu za Mama

Enzi zetu, sisi watoto wa Msamvu tuliokulia jirani na kituo cha kupoza umeme, tulilala na kuamka na mngurumo wa transfoma. Umeme mkubwa uliingia pale ukitoka mbali, ukapunguzwa nguvu, kisha ukagawanywa kwa laini: moja ya mjini, moja ya Mazimbu, nyingine ya Mlali, chini ya Uluguru. Hayo niliyajua kabla ya jedwali la kuzidisha, maana baba alikuwa opereta wa zamu. Tulicheza rede nje ya uzio, midomo ikiwaka pilipili ya maembe mabichi, na nikiudhiwa nilitishia: "Nitamwambia baba azime kwenu!" Niliamini kila nyumba ina swichi yake mle ndani.

Siku moja mama aligandisha barafu za ubuyu za mahafali ya shule yetu. Friji lilikuwa letu tu mtaa mzima. Saa nne asubuhi laini ya Mlali, ambamo nasi tulikuwemo, ikazimwa. Mvua ilikuwa imelaza nguzo. Kufika saa nane barafu zilianza kulegea. Abiria waliotoka Mlali wakasema wamewaona mafundi wamekaa chini wanakula mihogo. Kazi imekwisha, basi!

"Mama Neema," jirani yetu Mama Zuhura akachokoza, "mumeo kaukalia umeme kama kuku anayeatamia!"

Mama akanishika mkono mpaka kwenye uzio. Baba akatoka, kalamu sikioni.

"Baba Neema, mafundi wamemaliza. Washa, mahafali saa kumi."

"Laini kaichukua fundi Shomari aifanyie kazi. Atairudisha Shomari, kwa mdomo wake."

"Si umwite kwenye redio?"

"Redio yake imeisha chaji. Nimetuma mtu na pikipiki."

"Kwa hiyo watoto wa watu niwape maji ya ubuyu?"

 Ndani, kwenye swichi ya laini ile, baba alikuwa ametundika kibao chekundu: USIWASHE, WATU WAKO KAZINI. Chini yake jina la Shomari. Kibao hicho hata bosi wake hakukigusa.

Nikaanza kulia. "Baba, washa kwetu tu!"

Akachuchumaa upande wake wa uzio. "Mwanangu, hakuna kwetu tu. Nikiwasha, nimewasha mpaka alipo Shomari."

Mama akaondoka bila kuaga. Barafu akazimimina ndooni, akaenda nazo mahafali kichwa chini.

Jioni Shomari akabisha hodi, matope hadi magotini. "Shemeji, nisamehe. Tulishuka kula, kisha nikarudi juu ya nguzo kukaza waya. Saa nane nilikuwa nimeukumbatia."

 Mama akachota ubuyu uliobaki, akampa kikombe kwa mikono miwili. 

"Kunywa, shemeji."

Tangu siku ile, umeme ukikatika, mama alituuliza kwanza leo nani yuko kazini.

Siku hizi wanangu hulalamika kwenye simu kabla feni haijamaliza kuzunguka. "Mama, hawa jamaa wanazingua!" Nikiwauliza jamaa gani, hawamjui hata mmoja. Siwalaumu, hata mimi hawa wa sasa siwajui. Zamani giza lilitukera vilevile, ila tulijua tunamsubiri nani ashuke.