Madawati ya Mzee Bawaba

Muuza fanicha aliingia darasani na uso wa mtu asiyetaka kitu. Ndivyo alivyoingia popote penye mali. Shule ilikuwa likizo. Mwanga wa alasiri ulikuwa umejilaza juu ya madawati, na vumbi lilielea ndani yake polepole, kama lisilojua sakafu iko wapi.

“Ndiyo haya, mama,” alisema mwalimu mkuu mpya, mwanamke kijana aliyepewa shule ile mwezi uliopita. “Yanachana sare za watoto. Ya chuma yanakuja wiki ijayo. Usipoyachukua wewe, lori la wachoma matofali liko njiani.”

“Unaniuzia kuni, mwanangu? Mchwa wenyewe wakionja haya watatema.”

Alikuwa anaponda mali, kama impasavyo mnunuzi. Lakini kiganja chake kilichopita juu ya dawati la kwanza kilishajua: mti mgumu, mkavu, wa zamani, usiopatikana tena hata kwa kupiga magoti. Kichwani alikwisha kuyageuza makabati, na makabati yalikwisha kupata wateja.

Kila dawati pale lilikuwa mlango wa mtu. Marehemu Mzee Bawaba aliishika shule hiyo tangu watoto wakikalia matofali, akazeekea humo humo. Wakubwa walipomwambia asubiri madawati, alipita nyumba kwa nyumba kuomba milango. Si ya mbele; hakuwa mwendawazimu. Ya vyumbani. Akishapewa, alifungua bawaba kwa bisibisi yake, akazifuta, akamrudishia mwenyewe mkononi. “Mimi nimeomba mbao tu,” alikuwa akisema. Mpaka leo nyumba nyingi mtaani zina pazia chumbani na bawaba mbili msumarini, hazina cha kushika.

Alipozikwa, muuza fanicha alipeleka mchango wake, akarudi dukani kabla ya hotuba. Hotuba hazikuwa biashara yake.

Sasa alikuwa safu ya dirishani, bado anaponda. “Hili limepinda. Hili lina alama ya pasi. Hili...” Kidole chake kikatumbukia kwenye tundu la ufunguo.

Aliinama kama anayetafuta mchwa, akaweka jicho.

Sakafu ya darasa haikuwapo. Palikuwa na cherehani, na miguu ya mama yake juu ya pedali, na wateja wakililia bei huku mama akikata uzi kwa meno, hana habari nao. Utotoni alichungulia hapa hadi magoti yakafa ganzi. Biashara yote aijuayo ilipitia kwenye tundu hili. Na ni hapa alipoona siku pekee ambayo mama yake alishindwa.

“Mlango wangu sikupi, mwalimu,” mama alikuwa amesema. “Nina mtoto mchunguliaji humu ndani.”

“Huyo huyo ndiye anayekaa juu ya tofali.”

“Kamwombe jirani.”

Mzee Bawaba alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Akafuta. Cherehani ikapunguza mwendo, ikasimama. Akafuta. Kimya kilijaa chumbani kama maji yanavyojaa ndoo, taratibu, mpaka kikafika shingoni mwa mama.

“Ah! Chukua, baba, chukua! Utatoboa hicho kioo!”

“Mama? Unaumwa?” Alikuwa mwalimu mkuu.

“Nakagua.” Muuza fanicha alisimama, akajikung’uta magoti. Makabati yale yalikuwa bado yanamwita, mazuri, yamepakwa vanishi. Akayatazama kwa mara ya mwisho. “Sinunui.”

“Basi nawaachia wa matofali.”

“Huwaachii pia. Darasa la kwanza si bado wanakaa chini? Nimewaona nikipita.”

“Wanakaa chini, ndiyo.”

“Ya chuma wape wao. Haya yabaki hapa hapa. Mafundi wangu watayapiga randa likizo hii, kila kona, hata mtoto mchanga aweze kuyalalia.”

Mwalimu mkuu alimkazia macho. “Na wewe unapata nini? Nimeambiwa wewe hutoi hata salamu bure.”

“Umeambiwa kweli. Makabati ya ofisi yako hayafungi, faili zinachungulia nje. Ukibadilisha, unaanzia kwangu.”

“Siwezi, mama. Wale wa matofali nimeshawaahidi.”

Nje, lori liliguna getini, likapiga honi.

Muuza fanicha alikaa kwenye dawati lenye tundu, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya mtandio. Bila miwani darasa lilikuwa ukungu wa dhahabu tu, na ndani ya ukungu alihisi kuna mtu wa pili anafuta naye, kwa mwendo ule ule, hana haraka.

Honi ikapigwa tena. Akafuta.

Mwalimu mkuu alitazama dirishani, akamtazama yeye, akatazama dirishani.

“Basi, mama, basi! Nakwenda kuwarudisha.”

Muuza fanicha alivaa miwani.

“Na ukitoka huko,” alimwambia, “twende tukapime hayo makabati.”